Gazeti Dogo Liitwalo Mukia

Mimi natengeneza vitabu vya watoto. Naandika, nachora kwa wino mweusi, napeleka karatasi kwa fotokopi karibu na soko la Kasongo pale jenereta inapokubali kuwaka, kisha mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, anashona migongo ya vitabu kwa mashine ile ile anayoshonea sare za shule. Ukikinusa kitabu chetu kipya kina harufu ya mafuta ya cherehani. Watoto hawajawahi kulalamika. Wanaolalamika ni wazazi, nao hulalamika kwamba kitabu ni kifupi.

Zamani kidogo niliwahi kuwa na gazeti la mwandishi. Katika semina moja kule Bukavu tuliambiwa kwamba mwandishi asiyeongea na wasomaji wake kati ya kitabu na kitabu ni kama mgeni anayebisha hodi mara moja kwa mwaka. Nikarudi nyumbani nikiwa na moto. Nikaandika kwa Kifaransa, tena Kifaransa chenye tai shingoni: wasomaji wapendwa, ninayo heshima kubwa, na kadhalika. Nikaeleza jinsi ninavyochagua kalamu na jinsi ninavyopanga kurasa. Nikatuma kwa simu katika kundi la wazazi wa shule, kundi la wanakwaya na kundi la ukoo. Vikarudi vidole gumba vingi sana. Nikafurahi.

Siku moja nikamuuliza mdogo wangu, mwalimu wa darasa la kwanza, ameionaje ile sehemu ya kalamu.

"Kalamu gani?" akauliza.

"Si ulisoma? Ulinitumia kidole."

"Dada, niliona iko murefu. Nikatuma kidole juu usisikie vibaya."

Basi nikaliacha gazeti life. Hakuna aliyeuliza limeenda wapi, na hapo nikajua limekufa kweli.

Nisingeanza lingine kama si bata. Nilikuwa nimetoa kitabu cha bata anayekataa kuogelea, nikaenda kukisoma katika shule ya mdogo wangu. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikafunga kitabu, nikatabasamu kama waandishi wanavyotabasamu. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye jino moja lililong'oka, hakutabasamu.

"Halafu?" akasema.

"Halafu nini, mama?"

"Halafu ile bata ilifanya nini?"

"Kitabu kimeisha."

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mwenye duka anayesema chumvi imekwisha wakati gunia linaonekana nyuma yake. "Kitabu iliisha," akasema. "Bata haikuisha."

Jioni hiyo nilimsimulia mume wangu. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na mtu anayetia uzi hajibu haraka. Uzi ulipopita akasema, "Kitabu iko nyama. Ule mutoto anataka mukia."

Kwetu nyama ni yule aliye sufuriani na pia yule anayetembea msituni, kwa hiyo nilimwelewa vizuri. Nikacheka, nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: MUKIA. Nikaamua mambo hapo hapo, kabla akili haijanirudia. Litakuwa karatasi moja iliyokunjwa. Litakuwa la Kiswahili, kile tunachonunulia mchele. Kila mara litakuwa na mnyama mmoja wa vitabu vyangu na habari yake ya kweli: alitoka wapi, ni wa nani, na anafanya nini tangu kitabu kilipofungwa. Mwenye simu nitamtumia picha ya karatasi. Asiye na simu atapata karatasi yenyewe. Na hakuna msomaji atakayeitwa mpendwa.

Mnyama wa kwanza alikuwa jogoo. Katika vitabu vyangu kuna jogoo shujaa, na jogoo huyo nilimchukua kwa jirani yangu, mama mmoja anayechemsha mawese nyuma ya nyumba yetu. Ni jogoo mkubwa, mwekundu, mwenye kifua kama cha kamanda siku ya gwaride. Lakini pikipiki ikipita barabarani anakimbilia chini ya kinu kilichoegemezwa ukutani na kujibanza humo. Pikipiki ikishapotea kabisa, anatoka, anapanda juu ya kinu kile kile, anawika kama kwamba ndiye aliyeifukuza. Nikaandika hivyo hivyo nilivyoona. Nikachora na picha. Nikatuma.

Safari hii vidole gumba havikuja. Zilikuja sauti. Watu walinitumia sauti zao wakicheka, wengine wakisema tu "Ile ya kinu! Ile ya kinu!" na kukata. Mwanakwaya mmoja aliniambia baba yake mzee, ambaye hajui hata jina langu, ameagiza asomewe tena. Nilitembea siku nzima nikiwa na miguu miepesi. Sikufikiria kwamba jogoo ana mwenyewe.

Mwenyewe alikuja asubuhi iliyofuata. Alisema "Hodi" na kuingia bila kungoja karibu. Kwapani alikuwa amembana jogoo.

"Karibu, mama. Kaa."

"Sikuje kukaa," akasema, akavuta kiti, akakaa. "Kule soko wanasema jogoo yangu iko mwoga. Wanasema iliandikwa. Wanasema ni weye uliandika."

"Ni mimi, mama."

"Soma."

Nikachukua karatasi, nikasoma. Mume wangu alikuwa kwenye cherehani, akaendelea kushona taratibu, macho kwenye kitambaa, masikio kwetu. Mimi nilikuwa nasoma na kumchungulia yule mama. Nilipofika kwenye kinu, akamwangalia jogoo wake machoni, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Iko kweli," akasema nilipomaliza. "Inaingiaka chini ya kinu. Hapo uongo hamuna. Leta ile picha."

Nikampa. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaigeuza.

"Na hii iko nini?"

"Ni mkia, mama."

"Mukia? Hii? Hii iko fagio ilizeeka." Akasimama, akampandisha jogoo juu ya meza yangu ya kuchorea, akamshika miguu. "Hii njo mukia. Angalia. Kijani iko hapa, nyeusi iko hapa, na hii murefu inaanguka hivi. Chora."

Nikachora. Sijawahi kuchora mbele ya mtu mwenye haki kama hiyo. Kila nikiinua kalamu anasema bado. Jogoo naye alitulia kama mtu anayepigwa picha ya kadi ya uchaguzi. Tulikuwa tumefika kwenye unyoya wa mwisho, ule mrefu, pikipiki ikapita barabarani.

Sijui jinsi alivyochomoka. Nilisikia upepo usoni, wino ukamwagika, na jogoo shujaa akajitosa ndani ya rundo la sare za shule chini ya cherehani mpaka ukabaki unaonekana ule mkia tu, wote, mzuri, kijani na mweusi. Mume wangu akainua miguu yake kwenye kanyagio. Kisha yule mama akaanza kucheka, kwanza puani, kisha tumboni, akashika ukingo wa meza, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, akasema, "Sasa unauona muzuri. Maliza."

Gazeti la pili halikuwa na habari ndefu. Nilichora mkia peke yake, karatasi nzima, na chini nikaandika: "Tulikosea mkia. Mkia ni huu." Nasikia karatasi hiyo ipo mpaka leo, imebandikwa kwa kinyozi mmoja sokoni, kati ya picha za mitindo ya nywele.

Tangu hapo nyumba yetu haikupata amani. Mzee mmoja wa msikitini alileta beberu wake mlangoni, akaeleza kwa upole kwamba beberu huyu hajawahi kuingia shamba la mtu, na jambo la namna hiyo lastahili kuandikwa ili mbuzi wengine waige. Mke wa mchungaji alikuwa na mabata wanaotembea mstari mmoja mpaka zahanati na kurudi, bila kuumwa. Mwingine alinizuia njiani kunisimulia nguruwe, akanishika mkono nisiondoke kabla ya mwisho. Mume wangu alikuwa anawapokea wakati mimi nachora. "Kaeni kwa mustari," alikuwa anawaambia wenye mifugo, huku mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni mwake. "Daktari anakuja."

Nilifurahi, lakini niseme pia kwamba kichwa kilianza kuvimba kidogo. Nilikuwa napita sokoni na watu wananinyooshea kidole wakisema, ule mama wa Mukia. Nikaanza kuona kwamba nimejua kazi.

Ndipo ikaja sauti kutoka Kabambare.

Kabambare ni kwao mama yangu. Mama alifariki miaka mingi iliyopita, na tangu kilio chake sikuwa nimerudi huko. Barabara ilikuwa mbaya, kisha haikuwa salama, kisha ikawa mbaya tena, na mtu akishazoea kusema nitakuja, miaka inapita. Huko amebaki dada mkubwa wa mama. Kwetu dada mkubwa wa mama ni mama mukubwa, na huyu wangu ni mkubwa kwa kila kitu, umri, sauti na amri. Hana simu. Alikuwa ameazima ya mtu, na ilisikika kwamba ameishika mbali na uso kama kitu kinachoweza kuuma.

"Weye mutoto," alisema. "Magazeti yako inafika huku. Tulisoma jogoo ya Kasongo. Tulisoma bata ya Kasongo. Tulisoma nguruwe ya Kasongo. Kwetu nyama hamuna? Mama yako alizaliwa Kasongo? Kuja." Kisha akasema kwa mtu wa pembeni, "Nafinya wapi?" na sauti ikaisha.

Mume wangu aliisikiliza akiwa na pini mdomoni. Akazitoa. "Enda," akasema. "Hiyo si mwaliko. Hiyo iko mandat." Mandat, kwetu, ni karatasi ya kukuita mbele ya wakubwa.

Nilikwenda wakati wa kiangazi, nyuma ya pikipiki, nikiwa na begi la karatasi lililofungwa kwa plastiki. Hata kiangazi barabara ile ina madimbwi yake ambayo hayakauki kwa ukaidi tu. Mara nyingi nilishuka nikasukuma. Dereva, ambaye tunamwita motari, alikuwa mtu wa heshima, kila tukianguka ananiuliza kwanza kama kalamu ziko salama. Pale Lusangi, katikati ya safari, tulikula wali na maharagwe, mguu wangu mmoja ukiwa mwekundu wa udongo mpaka goti na mwingine ukiwa wa rangi yake. Njiani nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama mukubwa: jinsi gazeti lilivyoanza, jinsi ninavyochagua wanyama. Nilijiona nikimweleza kazi yangu naye akiitikia kwa kichwa.

Tulifika alasiri. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu, ila jirani kulikuwa na kicheko cha watu wengi. Nikazunguka ua wa matete, nikachungulia. Kwenye baraza ya jirani wamekaa wanawake na watoto, wengine wanachambua sombe, yaani majani ya muhogo, wengine wananyonyesha. Mbele ameketi mama mmoja wa Kiislamu, mjane mwenye miwani, rafiki wa mama mukubwa tangu ujana wao. Mkononi ana karatasi yangu, ile ya jogoo. Pembeni yake ameketi mama mukubwa, mikono mitupu, mgongo wima.

Walikuwa wanafanya hivi: yule mwenye miwani anasoma mstari mmoja kwa Kiswahili, ananyamaza, na mama mukubwa anaugeuza kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Kibangubangu changu ni cha jikoni. Nasikia kuliko ninavyosema. Lakini nilisikia vya kutosha kugundua kwamba mstari wangu mmoja ulikuwa unatoka kwa mama mukubwa ukiwa mitano.

Katika karatasi yangu jogoo alikuwa peke yake. Katika ya mama mukubwa alikuwa na mke. Jogoo alipotoka chini ya kinu, akipangusa mabawa, mke alikuwa anamngoja.

"Bwana, ile kitu ilienda wapi?" mke akauliza.

"Niliifukuza," akasema jogoo.

"Uliipiga?"

"Nilitaka kuipiga. Iliomba musamaha."

Wanawake wakalala juu ya mikeka. Mmoja alilazimika kumpa mwenzake mtoto amshikie. Mwenye miwani mwenyewe alikuwa anacheka akiwa na kidole kwenye mstari usiokuwa na hayo maneno, akingoja ruhusa ya kuendelea.

Nilisikia wivu. Wivu wa kweli. Nimekaa siku ngapi na habari hii, nikafuta, nikaandika, na kicheko kikubwa kuliko vyote kimekuja mahali ambapo sikuandika kitu. Nikataka kuondoka, nirudi kwanza kunawa miguu, nije kwa heshima zangu. Lakini mama mukubwa akaanza sauti ya kuku jike akimpikia mumewe chakula cha ushujaa, na mimi mwenyewe, nyuma ya matete, nikaangua kicheko mpaka ua ukatikisika. Wote wakageuka.

Mama mukubwa hakusimama. Aliniangalia toka nywele mpaka ule mguu mwekundu.

"Ulikonda," akasema. "Ingia."

Nikaingia, nikapiga magoti kumsalimia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanishika muda mrefu kuliko salamu inavyodai. Watu walipotulia nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, ule kuku jike sikumwandika."

"Najua," akasema. "Ulimusahau. Nikakusaidia."

Asubuhi yake tuliketi kutwanga sombe, yeye akitwanga na mimi nikiongeza majani, maana alisema natwanga kama mtu wa bilo, yaani wa ofisini. Hapo nikatoa karatasi zangu na kumuuliza nimchore mnyama gani. Nilikuwa nimeshaangalia kila upande wa nyumba, sikuona hata kuku.

"Siko na nyama," akasema. "Ule mwaka wa vita tulikimbia, tulifungua kamba za mbuzi zote tukasema endeni, kila moja na bahati yake. Tuliporudi hatukukuta hata moja. Nikasema basi. Sifungi tena." Akatwanga kidogo. "Hapana hizo nataka uandike. Andika mbuzi ya mama yako."

"Mama alikuwa na mbuzi?"

Mchi ukasimama hewani. "Hawakukuambia ile ya kofia?"

Hawakuniambia. Basi akanisimulia, na nitaieleza kwa kifupi kwa sababu yeye alichukua asubuhi yote.

Mama yangu alipokuwa msichana alikuwa na mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi, mbuzi anayekula kila kitu isipokuwa majani. Alikula sabuni. Alikula nusu ya mkeka. Siku moja wakaja wageni kutoka upande wa Kasongo, wametembea kwa miguu, wamevaa vizuri, kuja kuomba mke. Mke aliyeombwa ni mama. Kijana mwenyewe, ambaye ndiye baba yangu, alikuwa ameketi nyuma ya wakubwa wake, kichwa kimeinama, kama desturi inavyotaka. Msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, na msemaji huyo alikuwa na kofia, kofia ya dukani, yenye utepe. Kwa heshima akaivua, akaiweka chini pembeni yake, akaanza kuongea.

Wazee wakati ule hawakusema tunataka binti. Walisema tumeona ua nyuma ya nyumba yenu, tumeona kisima, tumeona moto usiozimika. Wote wameangalia chini, wanasikiliza kwa makini. Mbuzi akaja taratibu. Akaanza na utepe.

"Miye na mama yako tulikuwa jikoni," mama mukubwa akasema, "tunachungulia kwa nafasi ya matete. Tunaona mbuzi inakula kofia. Tutafanya nini? Mutoto mwanamuke haingiaki kwa maneno ya wanaume. Mbuzi ilimaliza utepe, ikaingia kwa ukingo. Musemaji anaendelea tu: tumeona kisima, tumeona moto. Sasa mama yako ananishika mukono, anasema, angalia ule kijana. Naangalia. Ule kijana ameinamisha kichwa, muzuri kabisa, lakini mabega yanatetemeka. Aliona mbuzi. Anakufa na kicheko, na hawezi kucheka. Anajikaza mpaka masikio yanabadilika rangi. Mama yako kuona ile mabega, akashindwa. Akacheka."

"Kwa sauti?"

"Uliza wenye walikuwa ngambo ya muto."

Maneno yakakatika. Msemaji akanyoosha mkono kutafuta kofia yake, akapata mbuzi. Babu yangu, mwenye nyumba, alitaka ardhi immeze. Ili kufuta aibu akaamua pale pale: mbuzi huyu atakwenda na wageni, alipe kofia.

"Na mama alikubali kuolewa siku ile ile?"

"Haraka sana. Watu wa hapa wanasema alifuata mbuzi yake." Mama mukubwa akacheka, kisha akaanza tena kutwanga, polepole. "Lakini kwangu alisema, mwanaume mwenye kicheko inamushinda mbele ya wakubwa wake, naenda naye."

Nilimchora mbuzi hapo hapo, sikio jeusi upande alionionyesha. Nikamwomba pia aseme habari yote kwa Kibangubangu katika simu yangu, taratibu, ili niiandike upande wa pili wa karatasi kama anavyoisema yeye. Akakubali kwa sharti moja: asiondolewe neno. Ilikuwa ndefu. Mbuzi alikuwa anaongea.

Nilirudi Kasongo nikiwa na furaha na hofu, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa kabla ya fotokopi. Baba yangu anaishi nasi, katika nyumba ndogo nyuma ya yetu. Alikuwa mwashi, amejenga nusu ya kuta za mtaa huu. Tangu mama aondoke amekuwa mtu wa maneno machache. Anakula, anashukuru, anakwenda kuangalia mahindi yake. Magazeti yangu alikuwa hajawahi kuyataja.

Nilimkuta ameketi mlangoni, ananoa jembe. Nikamwambia nimetoka kwa mama mukubwa na kwamba kuna habari nataka nimsomee, na akikataa nitaichana. Akaweka jiwe la kunolea chini. Nikasoma. Aliposikia neno kofia mkono wake ulikwenda kichwani mwake, ukarudi. Sikumwangalia tena mpaka nikamaliza.

Cherehani ya mume wangu ilikuwa inasikika kutoka upande wa mbele.

"Soma tena pale alicheka," akasema.

Nikasoma: mama akashindwa, akacheka.

"Ilikuwa zaidi ya hapo."

"Niandike namna gani, baba?"

Aliinua kichwa, akafumba macho, na kutoka kwa mzee huyu ambaye anaweza kumaliza siku tatu na neno karibu na neno asante, kikatoka kicheko cha mama yangu. Kilianza juu, kikakatika katikati kama mtu aliyekosa ngazi, kikashuka kwa hatua, halafu kikapanda tena pale unapodhani kimeisha. Ndicho. Nilikijua kabla ya kukifikiria. Cherehani ikanyamaza. Mume wangu akatokea kwenye kona ya nyumba, uzi mkononi, akasimama hapo, hasogei.

"Hivyo," baba akasema, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Haiandikiki. Sema tu ilisikika ngambo ya muto." Kisha akachukua jembe lake, akaliangalia. "Na haikuwa kofia yote. Ilibakisha juu. Baba mudogo aliivaa kurudi nayo mpaka Kasongo, tukitembea nyuma yake, hatuwezi kumuangalia."

Nikaongeza hilo la kofia, nikaenda fotokopi.

Mukia wa mbuzi ulikwenda mbali kuliko wote. Wachuuzi waliubeba mpaka Nyangwe katika mitumbwi, umekunjwa kati ya magunia ya mchele, na watu nisiowajua wananitumia sauti wakinisimulia posa za mama zao na yaliyoharibika siku hiyo. Baba siku hizi anaomba nakala yake kabla ya wengine, na anaichukua mpaka kwa wazee wenzake chini ya banda la matofali. Nimesikia kwamba anapofika kwenye kicheko anaweka karatasi chini.

Tatizo lililopo sasa ni lingine. Wazimba wa hapa Kasongo, wenye lugha yao ya Kizimba, ambao ndio upande wa baba, waliona Kibangubangu upande wa pili wa karatasi wakaja kwa heshima, wamevaa, kuniuliza wao walikosea nini. Nilikubali mara moja. Kwa hiyo kuna upande wa tatu, jambo ambalo karatasi haina, na mume wangu amelazimika kuniongezea ukurasa na kuushona. Asubuhi ya leo mdogo wangu na baba wamekaa mezani kwangu na mzee mwingine wa kwao, wanabishana Kizimba sahihi cha utepe wa kofia. Mmoja anasema neno lipo, mwingine anasema neno hilo ni la mkanda wa suruali, na baba, ambaye nilisema ni mtu wa maneno machache, hajanyamaza tangu chai.